Chapa Ilitangulia Kitabu

Ukishuka feri Likoni ukaelekea Shika Adabu, au ukivuka daraja la Nyali ukashika njia ya Bombolulu, au ukipanda Changamwe hadi Magongo, hutakosa kibanda cha aina moja. Ndani mna kompyuta, mashine ya joto ya kukandamizia fulana, skrini za fremu za mbao zilizoegemezwa ukutani wino ukauke, na mkebe wa mafuta ya taa wa kusafishia. Juu ya mlango pana bango la Kiingereza linalotangaza kazi mbili: kuchapisha, na kutia nembo. Mwenye kibanda hupiga majina ya chama cha akina mama kwenye leso, jina la madrasa kwenye vikombe, namba za simu kwenye vizibao vya bodaboda, na sura za wagombea kila uchaguzi unapokaribia. Wasomi wengi humtazama mtu huyu kama mjukuu aliyepotoka wa mpiga chapa wa vitabu: babu alitoa Biblia na magazeti, mjukuu anatoa stika za tuktuk. Mimi naona nasaba hiyo imepinduliwa. Katika pwani hii chapa ilianza kuwa alama ya mali, kitabu kikaja baadaye kikaliazima jina lake. Fundi wa fulana wa Kisauni yuko karibu na maana ya kale kuliko mchapishaji wa riwaya.

Ushahidi wa kwanza ni upana wa neno lenyewe. Kamusi Sanifu ya Johnson ya 1939 inaliweka chini ya mlango mmoja neno chapa kwa maana ya alama, nembo ya biashara, kazi ya kupiga kitabu na hata toleo la kitabu hicho. Hakuna aliyeona haja ya kuzitenganisha. Ushahidi ulio bora zaidi umo katika Biblia ya Union Version ya 1952, tafsiri iliyounganisha kazi ya Unguja na ile ya Mombasa, ambako Biblia ya Kimvita ilikuwa imekamilika 1914. Watafsiri wa Union Version walikutana na mambo matatu yaliyo mbalimbali kabisa: alama ya mnyama katika Ufunuo, makovu ya Paulo mwishoni mwa Wagalatia, na mwanzoni mwa Waebrania jinsi Mwana anavyofanana na nafsi ya Baba. Kigiriki kina maneno matatu hapo. Wao walitumia chapa pote. Neno linaloweza kubeba laana, kovu na utukufu bila kulalamika si neno lililozaliwa katika chumba cha mashine ya vitabu. Ni neno lililokwisha kutembea sana na watu, likazoea ngozi na chuma cha moto kabla ya kuzoea karatasi.

Likatembea likitoka wapi? Asili yake ni Bara Hindi: katika Kihindi na Kigujarati chhap ni alama iliyogongwa, na kitenzi chake hutumika mpaka leo kwa kazi ya kupiga vitabu. Yule na Burnell, katika kamusi yao ya 1886 ya maneno ya Waingereza wa India, walionyesha kwamba neno hilohilo lilisafiri upande wa mashariki pia. Wamalay walilifanya cap, na mpaka sasa batiki inayogongwa kwa kidude cha shaba huitwa hivyo. Kwenye bandari za China wafanyabiashara wa Kiingereza walilitamka chop, wakimaanisha muhuri, hati ya ruhusa ya forodha, na hatimaye daraja ya bidhaa yenyewe. Tazama kinachofanana katika safari zote hizo. Popote lilipotua kwenye Bahari ya Hindi na zaidi ya hapo, lilitua gatini, mkononi mwa mtu wa mizigo. Hakuna pwani hata moja lilikopokewa kwanza na mwanachuoni.

Hapa Kiswahili kinatoa ushahidi ambao kwangu ndio unaokata shauri. Chukua maneno yetu ya kuandika: kitabu, kalamu, karatasi, herufi, hati, katibu, nakala, sahihi. Yote yametufikia kupitia Kiarabu, kwa sababu kuandika tulikupata kwa Waislamu, pamoja na chuo na msikiti. Kama upigaji wa vitabu ungeingia pwani kama tawi la kuandika, tungetarajia uje na neno la Kiarabu vilevile, na neno lilikuwepo. Sultani Barghash bin Said alipoleta mtambo wake Unguja na kuanza kutoa vitabu vya fikihi ya Kiibadhi mwaka 1880, mtambo huo uliitwa matbaa ya Sultani. Matbaa iko katika kamusi zetu, inaheshimiwa, na aghalabu haitumiki. Mtu wa Mvita au wa Likoni aliyesoma Kurani tangu utotoni, aliyeandika barua zake kwa hati za Kiarabu, alipotaka kulitaja tendo la kuigonga karatasi kwa wino alilipita neno la mwalimu wake akachukua la Banyani wa dukani. Hakufanya hivyo kwa kumpenda Banyani. Alifanya hivyo kwa kuwa tendo lenyewe alikwisha kulijua, na alikwisha kulipa jina.

Alilijulia kwenye nguo na forodhani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 forodha za Sultani wa Zanzibar, zikiwemo za Mombasa, zilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, Mhindi wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch, na makarani wake walikuwa watu wa kwao. Kutch na Gujarat ni nchi za kugonga nguo rangi kwa vibao vya mbao vilivyochongwa. Vipande vya kazi hiyo vimechimbuliwa Fustat nchini Misri, vingine vya zama za kati, kwa hiyo biashara yake ni ya kale kuliko nyumba yoyote ya mawe iliyosimama Mombasa leo. Pwani yetu ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Katika mazingira hayo kugonga kibao chenye wino juu ya kitu, ili kitu hicho kijulikane ni cha nani, cha aina gani na kimetoka wapi, ilikuwa kazi ya kila siku. Kibao cha rangi juu ya shuka na alama ya tajiri juu ya robota ni tendo moja la mkono. Tofauti ilikuwa kwamba cha kwanza kilipamba na cha pili kilidai haki.

Kuna pingamizi la Ureno, na si la kupuuzwa. Wareno waliishika Mombasa kwa takriban karne nzima, tangu walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 hadi ilipotekwa na Waomani 1698. Walituachia meza, bendera, gereza, na leso yenyewe. Wao wana neno chapa, tena tahajia ni ileile. Kwa nini tusiseme tulilipata kwao? Jibu liko Msumbiji. Huko chapa ya Kireno iliingia kweli, ikabaki na maana yake ya Kireno: bamba la chuma, bati la kuezekea, na kwa mzunguko wake gari dogo la abiria mjini Maputo. Sisi hatujawahi kuliita bati la paa chapa. Bati letu ni bati, bamba letu ni bamba, na abiria wa Changamwe hupanda matatu. Kama neno lingetoka Ngomeni, lingekuja na chuma chake. Limekuja bila chuma, likiwa na alama peke yake, na hiyo ndiyo maana ya Kihindi. Nakubali kwamba Wareno wa Malaka na wa pwani za Asia nao walilitumia neno hili kwa hati zenye muhuri. Lakini walilitumia hivyo kule lilikokwisha kuwa la Wahindi, na hilo linatia nguvu hoja yangu zaidi ya kuipunguza.

Pingamizi la pili ni la wamisheni, na linaihusu bara ya Mombasa moja kwa moja. Wanahistoria wa vitabu hupenda kuanzia kwa Askofu Tozer na Edward Steere, waliofika Unguja mwaka 1864 wakaanzisha mtambo mdogo na kuwafundisha kazi vijana waliokombolewa utumwani. Kwa upande wetu huanzia Freretown, kijiji alichokianzisha William Salter Price wa shirika la misheni la CMS mwaka 1875 katika ardhi ya Kisauni kuwahifadhi watu waliookolewa majahazini, mahali ambapo jina la Kengeleni linaikumbuka kengele yake hadi leo. Basi husemwa: kabla ya hao, pwani haikuwa na mtambo, na neno la kupiga chapa haliwezi kuutangulia mtambo. Lakini kitabu cha Steere cha sarufi na msamiati, kilichotoka 1870, kina kupiga chapa kama neno lililopo, si neno analolipendekeza. Steere alikuwa msikilizaji. Aliandika alichoambiwa na watu wa Unguja. Miaka sita ya mtambo mmoja katika ua wa misheni haitoshi kulisambaza neno jipya hadi lionekane la kuzaliwa. Watu walimtazama mzungu akigonga herufi zenye wino juu ya karatasi, wakasema, kwa haki kabisa, kwamba anapiga chapa.

Freretown ina jambo jingine ambalo watu hulisahau. Sehemu ya wakazi wake wa mwanzo walikuwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay: watoto wa Kiafrika waliotolewa katika majahazi ya watumwa, wakalelewa Sharanpur karibu na Nasik, chini ya Price huyohuyo, wakajifunza ufundi na lugha za huko kisha wakarudishwa pwani yetu. William Jones, Ishmael Semler na George David walitangulia kufika mwaka 1864 na kufanya kazi Rabai. Jacob Wainwright, mmoja wa walioibeba maiti ya Livingstone na aliyesimama kwenye mazishi yake London mwaka 1874, alitoka shule hiyohiyo. Hawa hawakutuletea neno chapa, maana tarehe hazikubali. Walichokileta ni hali ambayo haikuwa kisiwani: jamii ya Waafrika Wakristo wanaosoma vitabu, ambao kwao neno la Kihindi la alama na neno la Kiswahili la alama lilikuwa sauti moja. Kama kulikuwa na mahali popote ambapo matbaa ingeweza kushinda, au neno la Kiingereza likaingia mapema, si Kisauni. Chuo cha theolojia kilichofunguliwa hapo 1903, kabla ya kuhamia Limuru mwaka 1930, kiliwalea makasisi waliolitumia neno chapa mimbarani kwa maana zake zote, bila kuhitaji maelezo.

Pingamizi la tatu ni la mitaani. Husemwa kwamba chapa ni kuchapa tu, kama kumchapa mtoto fimbo, na kwamba kupiga kitabu kumeitwa hivyo kwa sababu mashine inapiga. Silikatai lote. Masikio ya watu huunganisha maneno yanayofanana, na kitenzi kuchapa kwa maana ya kupiga kitabu, pamoja na kuchapisha na mchapishaji, kimepata nguvu kwa kuegemea fimbo. Ila angalia muundo wa zamani: kupiga chapa, kutia chapa. Chapa hapo ni jina, ni kitu kinachopigwa au kutiwa. Kama chapa ingekuwa ni kule kupiga kwenyewe, kupiga chapa kungekuwa kupiga kupiga. Cheo cha Mpiga Chapa wa Serikali kimehifadhi muundo huo wa kale.

Inafaa pia kuiweka chapa kando ya muhuri, kwa sababu tofauti yao ndiyo inayoonyesha chapa ilivyokuwa ikieleweka. Muhuri, wenye asili ya Kiajemi, ni wa mamlaka: kadhi, chifu, hakimu, daktari wa mifugo anayeigonga nyama wino wa zambarau kabla haijatundikwa buchani. Muhuri unasema kitu kimeruhusiwa. Chapa inasema kitu ni cha nani, au kimetoka mkono gani. Ng'ombe aliyeletwa Kibarani, mlangoni mwa Changamwe, ambako Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka 1950, ilikuwa na kiwanda chake, alifika na chapa ya mwenyewe ubavuni, iliyotiwa kwa chuma cha moto. Akatoka kipande kipande na muhuri wa mkaguzi. Hakuna mchunga ng'ombe aliyeyachanganya maneno hayo mawili. Waingereza nao walianza kwenye moto uleule, kwa maana neno lao la chapa ya biashara lilikuwa kwanza ni kuunguza, wakalitia kwenye mifugo na mapipa. Ila wao walipopata mtambo wa vitabu walitafuta neno jingine. Sisi hatukutafuta.

Mfano ulio wazi kuliko yote hauhitaji mtu kufungua kamusi. Unahitaji aione leso tu. Kabla hajalipa, mwanamke wa Likoni anayenunua doti hukunjua kitambaa, husoma jina, yaani ule msemo wa katikati, hutazama kama rangi za pindo zimekaa sawa, kisha hushika ukingo na kutafuta mstari mdogo wa herufi. Akikuta K.H.E. na Mali ya Abdulla amejua ananunua nguo ya nyumba ya Kaderdina Hajee Essak wa mtaa wa Biashara, kisiwani, jina lililojulikana pwani nzima. Nguo hizi kwa miongo mingi zilipigwa mbali, Uholanzi, baadaye India na Japani, na tangu miaka ya uhuru katika viwanda vya Afrika Mashariki pia. Aliyeipiga nguo hakuwa Abdulla. Lakini mstari huo haumtaji mpigaji, wala mji, wala kiwanda. Unataja mwenye mali, kwa namna ileile ambayo chuma cha moto humtaja mwenye ng'ombe. Na umekaa kwenye kitambaa kimoja na jina, ambalo ni maandishi ya kusomwa, fumbo la kumtumia jirani au mke mwenza. Kitabu na chapa ya mali viko katika pigo moja la rangi, na anayevaa hana shida navyo.

Mtu atasema kwamba leso ni jambo la kipekee, na kwamba biashara ya kisasa imeleta fikra mpya kabisa, ya jina la kampuni linaloishi kichwani mwa mnunuzi hata bidhaa isipokuwepo. Hiyo nayo si mpya. Wamarekani walipoanza kuleta shuka zao nzito zisizopaushwa kutoka Massachusetts katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, watu waliziita merikani. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza biashara, Manchester na Bombay zikaleta mfano wake, na jina likabaki lilelile juu ya nguo ambayo haikuwahi kuiona Marekani. Jina lilikuwa limejitenga na aliyelianzisha. Leo sokoni nafaka hupimwa kwa kasuku, mkebe wa mafuta ya kupikia wenye picha ya ndege, na muuzaji hajali kama picha imekwisha kufutika. Viwanda vya bara vimeishi kwa jambo hilohilo: saruji ya Bamburi, iliyoanza kutoka mwaka 1954, ilitambulikana kwa mfuko wake kabla ya kujaribiwa ukutani, na mapipa na madebe ya mafuta baada ya kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kufunguliwa mwaka 1963 yalipata maisha ya pili kama kuta na koroboi yakiwa bado na maandishi yake. Katika mali hizi zote kazi ya kupiga na kazi ya kutambulisha ni kazi moja, na fundi wake ni mmoja.

Ndiyo maana nina mashaka na wale wanaotaka tukubali brandi, wakidai chapa ni neno la mitambo ya vitabu tu na halitoshi kwa soko la leo. Kwanza, brandi katika Kiswahili tayari ni pombe, na mwenye madrasa anayeagiza vikombe hatafurahi. Pili, dai lenyewe limeegemea historia ya Uingereza, ambako kitabu na ng'ombe walikwenda njia mbili, likaibandika juu yetu. Nakiri kwamba lugha haifuati hoja za waandishi, na vijana wa Mtopanga wanasema wanabrandi fulana bila kuomba ruhusa ya mtu. Hata hivyo wateja wao wakifika hawaagizi brandi. Huuliza chapa ni bei gani kwa fulana kumi, kama itatoka ikifuliwa, na kama jina la kikundi litakaa kifuani au mgongoni. Mwenye kibanda hujibu swali hilo moja kwa bei moja, pamoja na maandishi, nembo na namba ya simu, kwa sababu hana njia ya kuyatoza mbalimbali.